Miaka 17 Tangu 1918

Edward Cullen ana miaka 17 tangu mwaka 1918. Homa ya mafua iliyozunguka dunia mwaka huo ilimlaza hospitalini Chicago. Daktari mmoja, mnyonya damu, aliyeona kwamba kijana anakufa akamng'ata ili asife, na kuanzia hapo hajazeeka hata kwa siku moja. Kazi yake ni kusoma sekondari. Akimaliza, familia inahamia mji ambako hawajulikani, anaweka begi begani, anaanza upya. Katika filamu ya Twilight ya 2008, nyumba ya akina Cullen ina ukuta uliopambwa kwa kofia za mahafali, na waliotengeneza filamu walitaka tucheke. Lakini kwa anayeishi kata ya Elerai, jijini Arusha, ambako si ajabu kumkuta mtu aliyerudia kidato cha nne mara mbili, ukuta ule una uchungu ambao Hollywood haikuukusudia.

Wachambuzi wa sinema wana jibu lao la siku nyingi kuhusu wanyonya damu. Wanasema mnyonya damu ni kijana anayebalehe: mwili umebadilika bila ridhaa yake, usiku yu macho na mchana amelala, ana njaa asiyoweza kuieleza mbele ya mama, akijitazama kwenye kioo hamwoni tena yule aliyemzoea. Jibu hilo lina ukweli. Kasoro yake ni kuishia kwenye tamaa ya mwili, kana kwamba kukua ni kubalehe basi. Filamu bora za aina hii zina mateso mengine mawili: wakati uliosimama, na mlango usiopitika mpaka aliye ndani aseme karibu. Hapo ndipo zinapotuhusu sisi, japo kwa njia ya kupingana nazo. Kwetu mnyonya damu alikuwa mtu mzima siku zote, na ujana ulikuwa na mwisho unaojulikana. Leo hata hayo mawili hayana uhakika.

Huko Ulaya kwenyewe mnyonya damu hakuanza akiwa kijana. Dracula wa Bram Stoker, katika riwaya ya 1897, ni bwana mkubwa mwenye ngome ambaye safari yake ya Uingereza inaanza kwa kununua nyumba London. Nosferatu ya F. W. Murnau, mwaka 1922, ilimpa kipara na meno kama ya panya. Bela Lugosi mwaka 1931 akampa joho na lafudhi ya kigeni. Ni wageni wenye mali wanaowaendea wasichana wa watu usiku. Kwa miaka mingi kijana ndani ya filamu hizi alikuwa chakula tu.

Mambo yalibadilika wazi mwaka 1987, Joel Schumacher alipotoa The Lost Boys. Mama aliyeachika anahamia mji wa pwani na wanawe wawili. Mkubwa, Michael, anaangukia kundi la vijana wa pikipiki, anapewa chupa, anakunywa ili asionekane mshamba, kumbe ndani mna damu. Ondoa meno marefu na kila mzazi wa Arusha ataitambua hadithi hiyo: kijiwe, pikipiki, chupa ya kwanza, mtoto anayerudi alfajiri na kuvaa miwani myeusi mezani. Jambo ambalo watazamaji wengi hulisahau ni kwamba mkuu wa kundi si kijana. Ni Max, bwana mmoja nadhifu, mwenye duka la kanda za video, tena anamchumbia mama. (Kwa mji uliolelewa na kanda za kuazima, huo ni utani mzuri.) Nyuma ya vijana waliopotea amekaa mtu mzima mwenye biashara yake. Msomaji amweke Max akilini, nitamrudia.

Kwa wasichana, filamu ya ujasiri zaidi ilikuwa imeshatangulia: Valerie a týden divů, ya Jaromil Jireš, iliyotengenezwa Czechoslovakia mwaka 1970. Valerie ana miaka 13. Matone ya damu yanaanguka juu ya maua meupe, na kuanzia hapo karibu kila mtu mzima anayemzunguka, bibi yake na hata mtu wa dini, anataka kitu kutoka mwilini mwake. Ajabu ya filamu za wanyonya damu ni hiyo: zimejaa damu kuliko filamu nyingine yoyote, na karibu zote zimeikwepa hedhi. Wala si sinema peke yake inayobabaika hapo. Nchini kwetu kodi ya ongezeko la thamani kwenye pedi ilifutwa katika bajeti ya 2018 na kurudishwa katika bajeti ya 2019.

Iliyo bora kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ya Sweden: Let the Right One In, ya Tomas Alfredson, 2008, mwaka uleule wa Twilight. Oskar ana miaka 12, anaishi na mama yake kwenye maghorofa ya Blackeberg, nje kidogo ya katikati ya Stockholm, na shuleni anaonewa kila siku. Jirani mpya, Eli, naye ana miaka 12, ila amekuwa nayo kwa muda mrefu sana. Kanuni ya zamani ya hadithi hizi, kwamba mnyonya damu haingii nyumba ya mtu bila kukaribishwa, hapa inafanywa moyo wa filamu. Eli amesimama mlangoni, Oskar kwa ukaidi wa kitoto anakataa kutamka neno. Eli anaingia hivyohivyo, na damu inaanza kumtoka machoni na masikioni. Mtazamaji aliyelelewa kwa hodi na karibu hahitaji kuelezwa tukio hilo. Anajua tangu utotoni kwamba aliyepiga hodi mara ya tatu bila kujibiwa hurudi alikotoka, na anajua aibu ya kubaki nje huku ndani watu unawasikia.

Filamu hiyo ina ukatili mwingine, wa kimyakimya. Eli alifika Blackeberg na mwanamume wa makamo, Håkan, anayemuulia watu na kumletea damu. Mwishoni Oskar anaondoka na Eli kwa treni, na wengi hutoka wakiamini wameona mapenzi yakishinda. Mfikirie Håkan tena. Oskar atafika miaka 20, 30, 50. Eli atabaki 12. Kila mmoja wao amekwama kwa namna yake, mmoja hawezi kukua na mwingine atakua peke yake.

Claudia, katika Interview with the Vampire ya 1994, ndiye anayelisema hilo kwa hasira. Aligeuzwa akiwa mtoto, akili ikaendelea kukomaa miongo kadhaa, mwili ukagoma. Anakata nywele zake kwa mkasi na kabla hajaweka mkasi chini zimerudi kama zilivyokuwa. Anne Rice aliandika riwaya yenyewe, iliyotoka 1976, baada ya kufiwa na binti yake mdogo kwa saratani ya damu. Ni hadithi ya mtoto asiyekua, iliyoandikwa na mama ambaye mtoto wake hakukua.

Watoto wa Afrika Mashariki waliokua chini ya ukoloni hawakumhitaji Lugosi, walikuwa na mumiani. Nairobi waliwaita wazimamoto: watu wenye sare na gari, waliosemekana kuwakamata wapita njia usiku na kuwatoa damu. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi hayo ya Kenya, Uganda na Zambia katika kitabu chake cha mwaka 2000, Speaking with Vampires. Dar es Salaam mwaka 1959 tuhuma za mumiani ziliwasha ghasia Buguruni na askari polisi akauawa. Ukimchunguza mumiani huyo huoni hata chembe ya ujana ndani yake. Ana ajira, ana gari, ana bosi asiyeonekana, na damu haimo katika hamu yake mwenyewe. Anaitoa kwa ajili ya soko. Kijana na mtoto katika masimulizi hayo ni wa kuonywa tu: giza likiingia, rudi nyumbani.

Arusha nayo ikatoa mnyonya damu wake rasmi. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa mwishoni mwa Januari 1967, na Februari 5 Azimio la Arusha likatangazwa. Katika hotuba na katuni za miaka iliyofuata wakajaa kupe, wanyonyaji na mirija ya kukatwa. Mnyonyaji alikuwa bepari, kabaila, mwenye nyumba za kupangisha. Vijana walikuwa upande wa pili wa picha, wakitembea kwa miguu kilomita nyingi kuliunga mkono Azimio. Anayekwenda leo kwenye makumbusho ya Azimio pale Kaloleni anaona mabaki ya hadithi ambayo ndani yake umri ulikuwa na siasa: damu ni ya vijana na mrija ni wa wazee wenye mali.

Filamu zetu za video zilizokuja baadaye hazikwenda mbali na hapo. Mussa Banzi alitoa Nsyuka na Shumileta mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kwenye vibanda umiza vya video msimuliaji Lufufu alikuwa akizisimulia kwa Kiswahili filamu za nje, Karishika ya Nigeria ikiwemo, akiongeza mizaha na maonyo yake mwenyewe juu ya sauti ya wahusika. Mizimu na majini ya filamu hizi hufuata ndoa, utajiri na tamaa za watu wazima. Ni filamu zenye nguvu kwa njia yake, lakini kijana anazitazama akiwa nje ya hadithi.

Upande wa pili ni jando, lililoupa ujana mwisho unaojulikana. Msafiri anayetoka Arusha kuelekea Makuyuni, katika msimu wake, atawaona kando ya barabara: wavulana wa Kimaasai waliotoka kutahiriwa, wamevaa nguo nyeusi tupu, nyuso zimechorwa kwa rangi nyeupe, macho yakionekana kama yametoka mbali. Mtoto wa Stockholm akioneshwa picha yao bila maelezo atasema ni vampaya. Na damu wamekunywa kweli. Aliyetahiriwa hupewa damu mbichi ya ng'ombe, mara nyingi imechanganywa na maziwa, ili mwili urudishiwe ulichopoteza. Vitu vyote vya sinema vipo pale: weusi, weupe, damu, kijana ambaye si mtoto na bado si mtu mzima, anayetembea nje ya mipaka ya kawaida.

Tofauti iko kwenye kalenda. Yule mvulana amevaa nyeusi kwa miezi, kisha atavua. Alikuwa layoni, atakuwa morani, na rika lake lote litapandishwa kwa sherehe mpaka liwe la wazee, lina jina, Makaa au Landisi au Korianga, na jina hilo litabaki likieleza ni wa lini. Waarusha, wakulima wa miteremko ya Mlima Meru, wanashiriki utaratibu huo wa marika na Wamaasai ingawa maisha yao ni ya migomba na mahindi. Damu inatolewa hadharani na kunywewa hadharani, na anayeitoa ni ng'ombe wa watu wanaokujua. Hakuna anayebaki mwenye miaka 17.

Nisije nikaonekana nasifia kila kitu. Kwa wasichana wa mkoa huuhuu kisu kilikuwa na maana nyingine kabisa. Ukeketaji wa aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai Tanzania tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, na bado unafanyika kwa siri, wakati mwingine kwa watoto wachanga ili mkono wa sheria usiufikie. Jando la wavulana humpa kijana nafasi mbele ya watu. Ukeketaji humwondolea msichana kitu, na kisha humwozesha. Anayetaka kuutetea utaratibu wa marika kama dawa ya ujana usio na mwisho ajibu hilo kwanza.

Elerai ya leo si boma. Ni mchanganyiko wa Waarusha, Wameru, Wachaga, Warangi, Wapare na watu wa kila upande, na kinachopanga umri wa mtu ni shule, kazi na kiwanja. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya 2007 inasema kijana ni mtu wa miaka 15 hadi 35. Nia yake ni njema, kuwafikia wengi. Matokeo yake ni kwamba mvulana wa kidato cha pili na baba wa watoto watatu wanaitwa kwa jina moja, na ujana umekuwa wa miaka 20. Kati ya ncha hizo mbili hakuna sherehe hata moja inayosema sasa umevuka.

Hapo kofia za akina Cullen zinarudi na uzito wao. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri, hata Serikali ikaamua yapangwe upya. Wengi walirudia. Aliyefaulu alikwenda mbele kukutana na foleni nyingine: chuo, mkopo, cheti, kujitolea bila mshahara ili apate uzoefu, bodaboda huku akisubiri usaili. Nyumbani baba ana shamba la robo eka kwenye mteremko ambalo baba yake mwenyewe alilipokea likiwa kubwa zaidi. Mila inataka mwana agawiwe sehemu yake, naye ndipo aoe. Sehemu haipo. Kijana anapiga hodi mlangoni kwa utu uzima, na waliomo ndani hawamkatai, hawana tu pa kumkalisha.

Msichana hupata shida ya kinyume: mlango unafunguliwa mapema mno, na anasukumwa. Tazama Bella, mpenzi wa Edward. Hamu yake kubwa ni kugeuzwa kabla hajampita Edward kwa umri, na kutimiza miaka 18 kwake ni kilio. Katika Breaking Dawn, sehemu ya kwanza, ya 2011, anaolewa akiwa na miaka 18, anapata mimba fungateni, uzazi unakaribia kumuua, mume anamgeuza ili asife. Saa yake inasimama siku ya kujifungua. Vijana wengi waliuona huo kuwa mwisho wa furaha. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilivitamka vifungu hivyo kuwa kinyume na Katiba mwaka 2016 katika shauri la Rebeca Gyumi, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2019. Mpaka Novemba 2021, msichana aliyepata mimba akiwa shuleni hakuruhusiwa kurudi kwenye shule ya Serikali ya mfumo wa kawaida. Kwa hiyo kulikuwa na mabinti wengi nchini ambao saa yao nayo ilisimama kwa sababu ya ujauzito, bila umilele wala jumba la vioo msituni. Nadhani Twilight ni filamu dhaifu kuliko umaarufu wake, lakini jambo hili imelisema wazi kuliko filamu nyingi za maana: kwa msichana, kukua kunaweza kuwa namna ya kusimamishwa.

Sasa nimrudie Max na duka lake. Mwaka 2020 Netflix ilitoa Vampires vs. the Bronx, filamu nyepesi ya kuchekesha kuhusu wavulana weusi na wa Kilatino wa New York wanaogundua kwamba kampuni inayonunua majengo ya mtaa wao ni ya wanyonya damu. Watu wazima hawawaamini. Maduka ya jirani yanafungwa moja moja, wenye nyumba wanapokea fedha na kutoweka, na kampuni hiyo inaitwa Murnau. Katika filamu zote nilizozitaja hii ndiyo iliyo karibu na mumiani: mnyonya damu mwenye ofisi, wakala na hati. Kwa watu wa Meru si habari mpya. Mwaka 1951 Wameru waliondolewa Engare Nanyuki kwa nguvu ili ardhi ipewe walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet alikwenda New York kulieleza jambo hilo Umoja wa Mataifa. Tofauti ni kwamba leo anayeuza mara nyingi ni baba mwenyewe. Dalali anakuja, kiwanja kinakatwa, ukuta unajengwa, na kijana aliyekuwa akisubiri mgawo anapata kazi ya ulinzi getini.

Kwa hiyo, kwa anayeuliza kama filamu za wanyonya damu ni mafumbo ya kukua, jibu langu ni ndiyo, ila fumbo lina nusu mbili na sinema ya Marekani kwa muda mrefu imetupa moja. Nusu yake ni kijana asiyeweza kuzeeka. Nusu yetu ni mtu mzima anayeishi kwa damu ya kijana. Filamu zinazoshinda ni zile zinazoziweka nusu hizo chumba kimoja, kama Sinners ya Ryan Coogler ya 2025, ambamo mwana wa mchungaji anayetaka njia yake mwenyewe anasubiriwa mlangoni na mgeni mwenye umri wa karne nyingi anayeomba akaribishwe.

Hollywood iliwahi kuja kwenye mlima huu. John Wayne aliigiza Hatari! huko Momella, filamu ikatoka 1962, na kamera zikaangalia vifaru na twiga. Waandishi wa miswada wa Arusha wasingoje waje tena. Mhusika wenu mnaye mtaani: ana miaka 34, ana vyeti viwili, analala chumba cha uani kwa baba yake, dalali ameshapita mara ya pili kupima kiwanja, na sera inamwita kijana kwa mwaka mmoja zaidi. Mwandikieni filamu yake.